Mwito wa Tatu Hauimbwi

Vijana wangu wa bendi ya kanisa, Jumapili iliyopita mlinikasirisha mpaka nikatoka nje kabla ya baraka. Mchungaji alidhani nimeshikwa na homa. Sikuwa na homa. Mlikuwa mnapiga wimbo wa wavu, tena vizuri, matarumbeta safi, nami naitikia kwa mguu chini ya benchi. Mlipofika mwito wa tatu, pale penye nafasi tupu kwenye karatasi, mpiga ngoma wenu yule mwenye miwani akaijaza nafasi yote kwa ngoma, na wa kinanda cha umeme akamwaga vidole vyake juu yake. Nilipomwita nje yule wa ngoma alinijibu kwa adabu, akiniita babu kwa Kibemba: "Shikulu, pale palikuwa wazi. Tuliona mwenye kuandika alisahau."

Mwenye kuandika hakusahau, mjukuu wangu. Mwenye kuandika ni mimi.

Naandika haya kwa sababu nikisema kwa mdomo hasira itanipanda tena, na ninyi mtacheka jinsi pengo langu linavyopiga mluzi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nusu yenu mmevuka kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na Kibemba bado kinawakwaza, halafu wimbo wenyewe ulizaliwa katika Kiswahili chetu cha ziwani, kile cha kuuzia samaki. Nivumilieni mpaka mwisho hata nikizunguka. Mtu aliyepuliza tarumbeta maisha yake yote hupumua pale anapotaka.

Kazi yangu ilikuwa hiyo, kupuliza. Nilitoka hapa Nchelenge kijana, nimesoma mpaka darasa la nne kwa wamisionari, nikaingia jeshini kwa sababu kaka zangu wote walikuwa wavuvi na mimi mashua ilikuwa ikinitapisha. Siku ya kwanza kambini wakatuuliza nani anajua kusoma nyimbo kwa solfa. Solfa ni zile herufi mnazoziona kwenye karatasi zenu za kwaya, d, r, m na wenzake, ambazo mwalimu wa misheni alitufundisha kwa fimbo. Niliinua mkono, maana walioshusha mikono walikuwa wanapelekwa kuchimba vyoo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanamuziki.

Aliyenifundisha ni Sajini Mumba, mkuu wa bendi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, amerudi kutoka vita ile kubwa ya Burma na sikio moja lisilosikia. Sikio hilo bovu alilielekeza kwa maofisa na lile zima kwa sisi. Alinikuta nimevimbisha mashavu kama chura, akanipiga kofi kila upande, taratibu, kama mtu anayeua mbu. Akaniambia pumzi inatoka tumboni, mashavu ni mlango tu. Kwa wiki nyingi hakunipa tarumbeta. Alinipa karatasi nyembamba niishikilie ukutani kwa kupuliza, na ikianguka naanza upya. Jaribuni hilo kabla hamjalalamika kwamba tarumbeta za kanisa ni mbovu.

Mengine aliyonifundisha bado yanafaa. Siku ya baridi kitie kinywa cha tarumbeta kwapani kabla ya kupiga, kisije kikakudanganya sauti. Usile pilipili kabla ya gwaride. Hilo nililijua kwa mateso yangu, kwa maana siku moja nilikula dagaa wa pilipili waliotumwa na mama yangu, midomo ikavimba, na nilipopiga buruji ya kuwaita maofisa mezani ilitoka sauti ya bata anayekanyagwa. Platuni nzima ilianguka chini kwa kicheko. Buruji, kwa wale wasioiona tena, ni tarumbeta fupi isiyo na vifungo. Ina noti chache tu, na kila mwito wake askari walikuwa wameutungia maneno, mengi yao siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa na wasichana wa kwaya.

Lakini somo ambalo Sajini Mumba alilipigia kelele kuliko yote lilikuwa la pumziko. Katika solfa, pale pasipo na herufi kati ya nukta na nukta, pana kimya, na kimya kile kinahesabiwa. Mwanafunzi mwenye haraka hukiruka. Mwenye woga hukijaza. Sajini alikuwa anasimama nyuma yetu na fimbo, na aliyejaza pumziko alilazimika kuosha masufuria ya bendi nzima. Nilidhani ni ukorofi wa mzee tu.

Halafu tukapelekwa vitani. Ilikuwa miaka ya hamsini na kitu, wakati huku nyumbani watu wanagombana na serikali kuhusu Shirikisho, ule muungano wa nchi tatu walioutaka wakoloni, na sisi tunapandishwa treni mpaka baharini, na kutoka hapo meli, kwenda kupigana na watu wa msituni ambao hakuna aliyetueleza vizuri walikuwa wametukosea nini. Nchi yenyewe iliitwa Malaya. Jina hilo peke yake liliwapa wake zetu kazi ya kufikiri, kwa hiyo katika barua niliandika "nchi ya mashariki" na kuendelea mbele.

Barua, ndiyo. Msifikiri watu wa bendi vitani wanakaa wakipiga ngoma. Matarumbeta hufungiwa masandukuni, na wapiga bendi wanapewa machela wabebe majeruhi. Hiyo ndiyo kazi yetu ya pili. Ya tatu, kwangu mimi niliyejua kalamu, ilikuwa kuwaandikia wenzangu barua za kwenda kwa wake zao. Nimeandika barua za mapenzi nyingi kuliko kijana yeyote wa ziwa hili, na wakati huo sikuwa na hata mchumba wa kunitumia salamu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Chola. Alikuwa mvuvi wa Puta, mrefu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya maji. Katika platuni yetu ni sisi wawili tu tuliotoka ziwani, tukawa tunaongea Kiswahili chetu wengine wasielewe. Alikuwa amemwoa Ngosa, msichana wa Kabuta, na kwa desturi yetu alihamia kwa wakwe zake kuwafanyia kazi. Walijuana sokoni Pweto, ng'ambo ya ziwa, wakiuza samaki, ndiyo maana utani wao wote ulikuwa wa Kiswahili. Baadaye Chola alipokuwa akivua Kabuta, Ngosa alikaa na wanawake wanaovuta kamba ya wavu kutoka ufukweni. Mashua ikichelewa, aliingia majini mpaka magotini akamwita kwa jina. Chola alinisimulia hilo mara nyingi mpaka nikawa naisikia sauti ya mwanamke nisiyemjua.

Sasa oneni barua aliyoniambia nimwandikie mke huyo.

"Bon, andika: minatuma salamu kwa bote. Niko muzima."

"Halafu?"

"Andika: nyavu zikauke muzuri, panya basikule."

"Na Ngosa, Chola? Yeye humwambii kitu?"

"Weye! Mama-mukwe iko pale anasikia. Unataka baseme mutu ya Puta hana na haya?"

Hapo mnahitaji kuelewa. Barua haikuwa ya mtu mmoja. Ilifika kwa Mwalimu Kabaso, mwalimu wa kanisa la Kabuta, naye aliisoma kwa sauti baada ya ibada, ukoo mzima umekaa, na mbele kabisa amekaa Bana Ngosa, yaani mama yake Ngosa. Na ninyi mnajua heshima ya mkwe na mama mkwe kwa wazee wetu. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, mmoja akimwona mwenzake njiani anapita majanini. Bana Ngosa hakuwahi kutamka jina la Chola hata siku moja. Alimwita "yule". Mkwe kutamka neno la mapenzi mama mkwe akalisikia ni sawa na kumvua nguo mbele ya watu.

Kwa hiyo barua zilikwenda kavu na majibu yakarudi makavu. Tuko wazima. Mihogo ni mizima. Mbuzi amezaa. Kisha ikaja moja iliyomwondolea Chola usingizi. Mwalimu Kabaso aliandika kwa niaba ya wazee kwamba kuna mfanyabiashara mwenye baiskeli anayewasaidia kupeleka samaki bara, mtu mwenye adabu, naye ameuliza habari za Ngosa. Wazee wanataka kujua kama yule bado ana nia na nyumba yake, kwa maana katika barua zake hawaoni nia yoyote.

Chola alisukuma bakuli la chakula. Alikaa juu ya kofia yake ya chuma akitazama buti zake.

"Kunda," akaniambia, "bananikamata bibi yangu. Na yee anazania nimemusahau. Nitamuambia namna gani?"

Nilimhurumia. Nilikaa pale nikifikiri juu ya mama yangu. Alipokuwa akitwanga mihogo, alimwimbia bibi yetu mzaa baba maneno ambayo angeyasema kwa kawaida angefukuzwa: kwamba chumvi ya nyumba hii imefichwa, kwamba mgongo umemuuma na hakuna aliyemuuliza. Bibi alikaa palepale akisikiliza na hakukasirika, kwa maana kinachoimbwa kwenye kinu hakina kesi. Ndivyo ilivyo kwetu. Lililokatazwa mdomoni linaruhusiwa katika wimbo.

"Muimbie," nikamwambia. "Mama mkwe hawezi kushitaki wimbo."

Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta. Siku ile ile, tukiwa njiani kati ya mashamba ya mipira, alianza kuita, na mimi nikaitikia, na kabla ya kufika kambini platuni nzima ilikuwa inaitikia, Wabemba, Wangoni, Walozi, bila kujua wanasema nini:

*Nani atavuta wavu na miye?*
*Njo weye, njo weye tu.*
*Upepo ukikuya, nani atashika kamba?*
*Njo weye, njo weye tu.*
*Nani ataniita nikikawia?*
*Njo weye, njo weye tu.*

'Njo weye' ya ziwani si kumwambia mtu aje, ni 'ndiwe wewe'. Mwajua wimbo wa askari unavyofanya kazi. Mguu mmoja unaita, mwingine unaitikia, na mzigo unasahaulika mgongoni. Maofisa walipenda kwa sababu tulitembea haraka. Sajini Mumba alipenda kwa sababu nyingine, akaniita hemani na kuniambia wimbo kama huo unaandikwa vizuri au hauandikwi kabisa. Tuliketi na karatasi, mimi naimba, yeye anasahihisha, mpaka kila noti ikakaa mahali pake kwa solfa. Tukautia ndani ya barua kavu ya Chola: salamu kwa wote, nyavu zikauke, na huu ni wimbo tunaotembea nao huku.

Sasa chekeni kidogo, maana mbele hakuna kicheko. Kwa Mwalimu Kabaso wa Kabuta, kitu chochote kilichoandikwa kwa solfa ni wimbo wa kanisa. Hakuwahi kuona solfa iliyoandikwa kwa shughuli nyingine. Barua yake ya kujibu ilianza kwa kumshukuru Mungu kwamba askari wetu wamemkumbuka Bwana hata vitani. Alikuwa ameufundisha wimbo ule kwaya nzima kwa sauti nne. Uliimbwa Jumapili mbele ya mchungaji mgeni, naye akaomba urudiwe. Sauti ya pili, aliandika, inaongozwa na Bana Ngosa, ambaye anaimba kwa moyo sana.

Niliposoma hapo Chola alirusha kikombe chake cha chai hewani. Alijifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika, nikadhani analia.

"Mama-mukwe!" akasema. "Mama-mukwe njo anayimba! 'Njo weye tu!' Yesu wangu, nitarudia wapi miye?"

Lakini chini ya barua palikuwa na neno moja la Ngosa, ambalo Mwalimu aliliandika bila kulijali. Ngosa anasalimia. Anasema katika wimbo huo ameomba kuwa mwitaji, na mwito wa tatu anauita yeye kila siku, kanisani na kwenye kinu. Na yule mfanyabiashara wa baiskeli ameambiwa asichoke, barabara ya bara ni ndefu.

Chola aliniomba nisome mstari huo tena, nikausoma. Aliniomba tena jioni, na kesho yake. Mwishoni akaikata sehemu ile ya karatasi, akaiweka ndani ya kofia. Nimeona watu wakipewa nishani na hawakufurahi hivyo.

Yaliyofuata nayaandika kwa ufupi kwa sababu mkono wangu haupendi. Tulikuwa msituni, tukivuka kijito, na risasi zilitoka upande tusioutazama. Ilikuwa imekwisha kabla sijatoa machela begani. Aliyelala majini alikuwa Chola, amepigwa tumboni.

Tulimbeba sisi watu wa bendi, mimi upande wa kichwa. Njia ilikuwa ya matope na mizizi, na mkishindwa kwenda hatua moja machela inayumba na majeruhi anaumia. Kwa kawaida tungeimba chini kwa chini kushika hatua. Siku ile tulikatazwa hata kukohoa, kwa maana adui alikuwa bado karibu. Basi Chola, akiwa ametazama majani juu, alianza kugonga ubao wa machela kwa kidole chake. Niliutambua mdundo wa wimbo mara moja. Aligonga mwito wa kwanza, sisi tukaitikia kwa miguu. Akagonga wa pili, tukaitikia. Akagonga wa tatu. Tukaenda hivyo bila sauti, yeye anaita kwa kidole, sisi tunajibu kwa buti, akirudi mwanzo kila alipomaliza. Machela haikuyumba. Ikafika mahali akagonga wa kwanza, akagonga wa pili, na wa tatu haukuja.

Niliendelea kutembea. Nilijua, na niliendelea kutembea, nikaitikia kwa miguu mwito ambao haukuitwa. Nililia njia nzima nikiwa nimebeba kwa mikono miwili, kwa hiyo sikuweza kujifuta.

Tulimzika huko huko, katika udongo mwekundu chini ya miti isiyo yetu. Nilipiga buruji ya maziko. Watu huniuliza jinsi nilivyoweza. Pumzi inatoka tumboni, mashavu ni mlango tu; mafunzo yalipuliza, mimi sikuwepo.

Wiki iliyofuata platuni ilipotoka, mtu mmoja akaanza wimbo kwa mazoea. Mwito wa kwanza aliuita yeye, wa pili pia. Kwenye wa tatu akanyamaza. Wote walinyamaza, tukahesabu hatua za mwito ule tupu, kisha tukaitikia: *njo weye, njo weye tu.* Hakuna aliyetoa amri. Kutoka siku hiyo ikawa hivyo. Sajini Mumba aliichukua karatasi yetu, akafuta herufi za mwito wa tatu, akaacha nukta peke yake. "Nakili hivi," akaniambia. Nilinakili. Hiyo ndiyo karatasi iliyofika mikononi mwenu.

Tulirudi nyumbani miezi kadhaa baadaye. Jeshi lilikuwa limemwandikia mjomba wake Chola kule Puta, kwa sababu jina la mjomba ndilo Chola alilolitoa siku ya kujiandikisha. Mjomba alikuwa mtu wa desturi. Kifo cha mkwe hakipelekwi ukweni kwa karatasi. Hupelekwa na watu, na lazima mmoja wao awe ameuona mwili. Alikuwa akimsubiri mtu huyo, na mtu huyo nilikuwa mimi. Alishuka mpaka Nchelenge kunichukua. Tukaenda Kabuta kwa baiskeli mbili, tukipishana na wachuuzi waliobeba samaki, na njia nzima akinikumbusha utaratibu. Tusiseme neno mpaka wazee waitwe, mikeka itandikwe, kila mtu aketi. Yeye ndiye atakayesema. Mimi nitaulizwa tu kama niliona.

"Muke wake akikuuliza, usiseme kitu," aliniambia. "Unasikia, mutoto? Ata moja."

Tulifika mchana. Wanawake walikuwa wanatwanga, vinu vitatu uani, na walikuwa wanaimba wimbo wetu. Nilishika usukani wa baiskeli nisianguke. Mmoja wao, mwembamba, mwenye kitambaa cha buluu, alikuwa mwitaji, na sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alipoona nguo zangu za jeshi alikuja mbio na mchi mkononi.

"Weye njo Kunda! Weye njo unaandikaka!" Alikuwa anacheka. "Na yee iko wapi? Iko nyuma?"

Mjomba alitazama chini na kusema amechoka, tunaomba maji, wazee waitwe. Hilo peke yake lingetosha kwa mtu mwingine. Ngosa hakutaka litoshe. Alinishika mkono.

"Basi bazee bakuye. Lakini kwanza utuyimbie. Tunataka kusikia namna munayimbaka kule. Mwalimu alitufundisha yake, sasa tunataka yenu."

Nilimtazama mjomba. Kuimba hakukukatazwa, na kukataa kusingekuwa salama, maana kungemwambia kila kitu. Nikaanza. Niliita wa kwanza, wanawake wakaitikia wakicheka, michi ikishuka pamoja. Niliita wa pili, wakaitikia. Na kwenye wa tatu mwili wangu ukafanya ulichokuwa ukifanya kila siku kwa miezi. Ulinyamaza na kuhesabu. Mguu wangu ulipiga chini hatua za mwito, moja baada ya nyingine, bila sauti.

Michi ilibaki juu. Ngosa alikuwa ananitazama mdomoni.

"Pale," akasema polepole, "nani anaita pale?"

Nilishika tena usukani wa baiskeli.

"Kunda. Pale njo mwito yake. Juu ya nini hamuite?"

Mjomba akageuza uso. Ngosa akautazama mgongo wa mjomba, akanitazama mimi, na mchi ukamtoka mkononi. Hakulia. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Alisimama hivyo na wanawake wote wamesimama, na hakuna aliyejua la kufanya, kwa maana kilio hakiwezi kuanza kabla msiba haujatangazwa.

Ndipo Bana Ngosa alipotoka jikoni. Mpaka hapo alikuwa amejificha kwa sababu mjomba wa mkwe wake yuko uani. Alipita mbele yetu bila kujifunika, mwanamke mfupi mwenye unga mikononi, akaenda mpaka ukingoni mwa maji, pale mashua zinapovutwa. Aliingia mpaka magotini. Na yeye ambaye hakuwahi kulitamka jina lile, yeye ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimeandika barua zote zile za panya na nyavu, akaita kwa sauti iliyofika sijui wapi:

"Chola! Chola, mutoto wangu!"

Kisha wanawake wakaitikia, kwa sauti zao nne kama walivyofundishwa. *Njo weye, njo weye tu.* Na hapo ndipo Ngosa alipolia, na Kabuta yote ikalia naye.

Usiku ule baada ya wazee kuketi na mjomba kusema yake, Bana Ngosa alinitumia ujumbe kupitia mtoto. Alitaka nijue kwamba tangu Jumapili ya kwanza alikuwa amejua ule si wimbo wa kanisa. Alikuwa akiimba kwa nguvu ili binti yake apate kuimba kwa nguvu.

Tangu siku ile mwito wa tatu haujaitwa tena na mtu yeyote, Kabuta wala hapa. Ngosa alivishwa shanga nyeupe, kama mjane anavyofunguliwa kwetu, akaachiwa huru, na baada ya miaka akaolewa na yule wa baiskeli, ambaye kweli hakuchoka. Walihamia Nchelenge. Mume naye alikwisha kufa. Ngosa yupo. Ni yule bibi anayekaa upande wa wanawake karibu na nguzo, ambaye mnamsaidia kupanda ngazi na hamjui jina lake.

Kila mnapopiga wimbo wa wavu mimi humtazama. Mkifika kwenye nafasi tupu midomo yake inafunguka na kulitamka jina, bila sauti. Jumapili iliyopita aliifungua, ngoma yenu ikampita juu, naye akaifunga. Ndiyo sababu nilitoka nje.

Basi mpiga ngoma, na wewe wa kinanda, Jumapili ijayo nitakaa benchi lile lile. Mkifika pale inueni mikono na mhesabu mpaka mwisho, msiharakishe hata kidogo. Hamtasikia mtu akiita. Itikieni.